Gemu Isiyoazimika

Mpwa wangu amenunua mashine ya gemu isiyo na mahali pa kuingizia diski. Ni mashine nzuri, haina kelele, na picha zake zinavutia kweli. Alipoileta kwangu, rafiki aliyekuja naye alimwomba amwazime gemu moja ya mpira ambayo mwenyewe alikuwa ameshaichoka. Mpwa wangu akamwambia haiwezekani. Gemu imo ndani ya akaunti, akaunti ni yake, na hata hiyo akaunti ilimlazimu aandike kwamba anaishi nchi nyingine, kwa sababu duka lenyewe la mtandaoni halina huduma Tanzania.

"Sasa ukitaka kuiuza?" nikamuuliza.

"Haiuziki, mjomba. Ukishanunua basi, ni yako."

Hata huo umiliki una masharti yake. Jimbo la California kule Marekani limetunga sheria, iliyoanza kutumika Januari 1, 2025, inayoyataka maduka ya mtandaoni yamweleze mteja waziwazi kwamba anachopewa ni leseni ya kutumia tu. Sheria hiyo ilikuwa na sababu. Machi 31, 2024 kampuni ya Ubisoft ilizima seva za The Crew, gemu ya magari iliyotoka mwaka 2014, na tangu siku hiyo hata mwenye diski yake mkononi hakuweza tena kuicheza. Mwezi wa tano mwaka huohuo, Helldivers 2 iliacha kuuzwa kwa watumiaji wa kompyuta katika nchi na maeneo 177 ambako huduma ya akaunti za PlayStation haijafika, karibu Afrika nzima ikiwemo.

Ninakusanya mashine na gemu za zamani, nazitengeneza na kuzicheza, na habari za namna hii zinanigusa kuliko habari za bei au za picha kali zaidi. Maana mimi nimelelewa na gemu zilizopita mikononi mwa watu. Utotoni sikuwahi kucheza gemu hata moja iliyotoka dukani ikaja kwangu ikiwa mpya. Zote zilikuwa zimeazimwa, zimenakiliwa, zimeuzwa tena, zimetengenezwa na fundi, au zinachezewa kwenye kibanda cha mtu kwa malipo. Hiyo ndiyo njia iliyozileta Afrika Mashariki, na ndiyo iliyoziweka hai mpaka leo. Ninapoona njia hiyo inazibwa, najiona nina wajibu wa kueleza ilivyokuwa.

Nilikulia Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba. Katikati ya miaka ya 1990 tivi zilikuwa zimeanza kuingia majumbani kwa wingi. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikupata kituo chake mpaka mwaka 1994, na kabla ya hapo mwenye tivi alikuwa mwenye deki, anaonyesha kanda za Kihindi na za karate. Mjomba wangu mmoja alikuwa akifanya biashara ya nguo, anavuka mpaka wa Horohoro kwenda Mombasa na kurudi na marobota. Safari moja akarudi na boksi ambalo halikuwa na nguo. Ndani yake mlikuwa na mashine nyepesi ya plastiki, pedi mbili, bastola ya kuchezea yenye waya, na kaseti ya rangi ya njano iliyoandikwa kwamba ina gemu elfu kadhaa.

Kuifunga ilikuwa shughuli ya mtaa mzima. Unachomoa waya wa antena nyuma ya tivi, unachomeka wa mashine, halafu mtu mmoja anazungusha kitufe cha kutafutia stesheni, polepole, huku waliobaki wanapiga kelele "rudi, rudi, hapohapo!" Chengachenga zikiondoka, orodha ya gemu ikatokea. Zile elfu kadhaa zilikuwa gemu chache zilizorudiwarudiwa, kila jina likianzia hatua tofauti ya gemu ileile. Hakuna aliyejiona amepunjwa. Tulizicheza zile chache mpaka tukazijua kwa ndani.

Tuliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya vifaru, Battle City, iliyotengenezwa na kampuni ya Namco mwaka 1985. Kifaru cha njano na cha kijani vinalinda tai aliyejengewa ukuta wa matofali chini ya skrini, na vifaru vya adui vinashuka kutoka juu, 20 kwa kila hatua. Wawili mnacheza pamoja. Jambo ambalo gemu hiyo ilinifundisha, na sikulipata kwenye gemu nyingi za baadaye, ni kwamba risasi yako ikimpata mwenzako hafi, anaganda mahali alipo kwa muda, na wakati ameganda adui anapita. Basi mkawa mnalazimika kusemezana. Mmoja analinda tai, mwingine anapanda juu kuwazuia. Mtoto mwenye pupa hakupata mwenza. Tulikuwa tunapigana mchana kwenye chandimu na jioni tunakaa mkekani kupangiana zamu, na yule aliyemzoea mwenzake ndiye aliyefika mbali.

Baada ya miaka nilikuja kujua kwamba mashine ile ilikuwa nakala ya Famicom, mashine ya Nintendo iliyoingia sokoni Japani Julai 15, 1983, ikiwa kazi ya kikosi kilichoongozwa na mhandisi Masayuki Uemura. Nintendo wenyewe waliuza Famicom na ndugu yake wa Ulaya na Marekani, NES, karibu milioni 62. Nakala hazimo kwenye hesabu hiyo. Ukifungua nakala ya aina ile leo, badala ya safu ya chipu utakuta ubao mdogo na tone moja jeusi la gundi ngumu katikati. Chini ya tone hilo kuna kipande kimoja cha silikoni kinachofanya kazi ya mashine nzima ya mwaka 1983. Ndiyo maana ilikuwa rahisi, ndiyo maana mchuuzi wa nguo aliweza kuinunua kwa fedha ya marobota.

Vitabu vingi vya historia ya gemu vinaanza na Marekani, na vinasimulia jinsi soko lake lilivyoporomoka mwaka 1983 na Nintendo ikaja kuliinua. Sisi historia hiyo haituhusu sana. Kwetu mwaka huo hapakuwa na soko la kuporomoka. Historia yetu inaanzia kwenye kaseti ya njano, na wakusanyaji wa nchi nyingine wanapoiita takataka, wanaitupa sura ya kwanza ya utoto wa watu wengi mno. Kwenye rafu zangu nakala hizo ziko mbele.

Miaka ya mwanzo ya 2000 gemu ilitoka sebuleni ikahamia kibandani. Jirani na soko palikuwa na kibanda cha mabati chenye tivi mbili, mabenchi, na PlayStation mbili za kwanza, zile za kijivu. Ulilipa kwa mechi. Dakika za mechi alizipanga mwenye kibanda, na sheria ilikuwa moja: anayefungwa anampisha mwingine, anayeshinda anabaki mpaka apatikane wa kumtoa. Gemu ilikuwa Winning Eleven ya Konami, na diski zilikuwa za kuchoma, zimeandikwa juu kwa kalamu ya wino mzito.

Zilikuwa za Kijapani kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hapana mtu kibandani aliyejua hata herufi moja ya Kijapani, lakini kila mtoto alijua njia. Shuka mara mbili, bonyeza duara, ingia, pandisha, bonyeza tena. Kwenye gemu za Japani za wakati ule duara ndilo la kukubali na msalaba ndio wa kukataa, kinyume cha matoleo ya Ulaya na Marekani, kwa hiyo mtu aliyejifunzia kwingine akija kwetu alikuwa akijitoa mwenyewe kwenye menyu. Mfumo wa timu, nani apige kona, nani mwenye mbio, vyote tulivijua kwa mahali vilipo. Wadogo waliwauliza wakubwa, wakubwa wakawafundisha kwa kuwashika vidole. Mtangazaji wa gemu, Jon Kabira, alipopaza sauti kwa Kijapani mpira ukielekea golini, kibanda kizima kilipaza naye. Matoleo ya Kiingereza yalipofika nayo yalikuwa na mambo yake. Kwa sababu ya haki za majina, Roberto Carlos aliitwa Roberto Larcos, na sisi tukamwita hivyohivyo bila shida yoyote.

Memori kadi ilikuwa mali ya ushirika. Ilikuwa na nafasi 15 tu za kuhifadhia, jumla ya kilobaiti 128, na sisi tulichanga fedha tukanunua moja, tukaibandika plasta na kuandika jina la mtaa. Ligi yetu ilikuwa humo. Mwenye kibanda aliifungia kwenye droo pamoja na fedha za siku, na hakuna aliyeruhusiwa kufuta kitu mpaka wenye timu wote wawepo.

Watu wazima wengi waliviona vibanda kuwa maovu. Sikatai kwamba walikuwa na hoja. Wapo watoto walioacha darasa wakaenda kucheza, na wapo wenye vibanda waliowapokea wakiwa na sare za shule. Wa kwetu alikuwa na msimamo: mwenye sare haingii kabla ya saa tisa, na siku za mitihani anafunga tivi moja. Nilipokuwa mkubwa nilianza kuona kwamba kile kibanda kilikuwa kikifanya kazi ya maktaba. Mtoto ambaye nyumbani kwao hapakuwa na umeme alicheza gemu ileile aliyocheza mtoto wa Tokyo, kwa sarafu aliyoipata kwa kuuza chupa. Sony imetangaza kuwa iliuza PlayStation ya kwanza zaidi ya milioni 102 tangu ilipotoka Desemba 3, 1994. Hizo ni mashine. Watoto walioshika pedi za mashine moja ya kibandani hawakuwahi kuhesabiwa popote.

Kibanda kisingeendelea bila fundi. Mashine zile zilikuwa zikifika zimeshatumika kwingine, zimechoka, na ugonjwa wao ulikuwa mmoja: diski inazunguka, picha inakwamakwama, sauti inakatika. Tulikuwa tunaisimamisha mashine kwa ubavu, ikigoma tunaipindua kabisa, miguu juu, na inacheza vizuri. Kwa muda mrefu nilidhani ni bahati tu. Fundi ndiye aliyenifungulia mashine nikaona kwa macho yangu.

Alifungua skrubu, akanyanyua mfuniko, akanionyesha kijisanduku kinachobeba lenzi, kinavyoteleza juu ya reli kufuata njia ya diski. Kwenye matoleo ya mwanzo kijisanduku hicho na sehemu kinapoteleza vilikuwa vya plastiki, na vilikaa karibu na sehemu ya umeme inayopata moto. Plastiki ikalika, lenzi ikashuka na kuinama kidogo, na haikuweza tena kuitazama diski vizuri. Ukiipindua mashine, uzito unavuta upande wa pili na lenzi inarudi mahali pake. Akapaka mafuta kidogo sana kwa ncha ya kijiti cha meno, akaweka kipande cha plastiki nyembamba chini ya reli, akafuta lenzi kwa pamba, akafunga. Ilicheza ikiwa imekaa kwa miguu yake kama ilivyotengenezwa.

Nilimuuliza pia kuhusu chipu, kijidude chenye nyaya chache kilichofanya mashine ikubali diski za kuchoma. Alinieleza kwamba diski halali ina mstari unaotikisika kwa mpangilio maalumu karibu na katikati, na humo zimefichwa herufi nne za kutambulisha eneo la mauzo. Mashine za kawaida za kuchomea diski haziwezi kuuandika mtikisiko huo. Chipu inazisema herufi hizo kwa niaba ya diski, mashine inaridhika. Fundi huyu hakuwa amesoma chuo chochote cha elektroniki. Alijifunza kwa kukaa pembeni ya fundi mwingine, naye alifundishwa na mwingine aliyetokea Nairobi. Nami nilikaa pembeni yake jioni nyingi, nikimshikia tochi.

Sisemi kwamba kunakili kazi ya mtu ni haki. Aliyetunga gemu anastahili kulipwa, na Tanzania ina sheria ya hakimiliki. Lakini lazima tuwe wakweli kuhusu jinsi mambo yalivyokuwa: hapakuwa na duka Tanga lililouza diski halali, na kama lingekuwepo, bei ya diski moja ingemzidi mzazi. Nakala zilijaza pengo lililoachwa wazi na wenye biashara yao.

Nilianza kukusanya nilipohamia Dar es Salaam. Usiku wa Desemba 31, 2012 mitambo ya analojia ilizimwa jijini, na kuanzia asubuhi yake tivi isiyo na king'amuzi ikawa haioni kitu. Watu waliokuwa wakijivutavuta kununua tivi bapa wakapata sababu. Kwa miezi kadhaa tivi za chogo zilirundikana kwa wauza vyuma chakavu, na pamoja nazo zilitoka mashine za gemu zilizokuwa zimelala uvunguni. Nilizinunua kwa bei ya plastiki. Nilinunua mashine, pedi, kaseti, na bastola moja inayofanana kabisa na ile ya mjomba.

Nikaiunganisha kwenye tivi bapa, nikaweka gemu ya bata, Duck Hunt. Bata wakaruka, nikafyatua, na hakuna aliyeanguka. Nilibadilisha bastola, nikabadilisha kaseti, hali ikawa ileile. Nilipoichukua na kuichomeka kwenye tivi ya chogo, bata wa kwanza alianguka hapohapo.

Sababu yake ni nzuri kiasi kwamba nimeshawaeleza watoto wengi, na bado nafurahia kuieleza. Bastola haitoi chochote. Ndani ya mdomo wake kuna jicho linaloona mwanga. Ukivuta kifyatulio, gemu inaifanya skrini yote iwe nyeusi kwa kitambo kidogo mno, kisha inachora kisanduku cheupe pale alipo bata. Jicho likiona giza halafu weupe, umempata. Tivi ya chogo inachora picha papo hapo, mstari kwa mstari, kwa mwali unaogonga kioo, kwa hiyo weupe unatokea wakati uleule gemu inapoutarajia. Tivi bapa inaipokea picha, inaichakata, inaikuza, ndipo inaionyesha. Inapofika, gemu imeshahesabu kwamba umekosa.

Tangu hapo nilielewa kwamba kuwa na kaseti hakutoshi. Gemu inahitaji mashine yake, tivi yake, waya wake, na mtu anayejua kwa nini tivi nyingine haifai. Ukikosa kimojawapo una plastiki. Nikaanza kuziokoa tivi za chogo pia, jambo ambalo nyumbani halikupokelewa kwa furaha, maana ni nzito na zinakula nafasi.

Halafu kuna Zanzibar. Jamaa mmoja aliniambia kwamba nyumba fulani Mji Mkongwe ina kompyuta ya zamani ya kuchezea. Nilikwenda, nikapokelewa na bibi mtu mzima sana, nikamwamkia, akanikaribisha kwa halua na kahawa kabla ya kuniruhusu nitaje nilichofuata. Kompyuta ilikuwa Sakhr, yenye kibodi ya Kiarabu. Ni chapa ya Al Alamiah, kampuni ya Kuwait ya Mohammed Al-Sharekh, iliyozichukua kompyuta za mfumo wa MSX uliozaliwa Japani mwaka 1983 na kuziwezesha kuandika na kusoma Kiarabu. Watoto wengi wa nchi za Ghuba walianza kompyuta na gemu kwa mashine hizo. Mtoto wa yule bibi alikulia Muscat kwa ami yake, na aliporudi kutembea alikuja nayo. Akaenda tena, yenyewe ikabaki.

Kaseti ilikuwa moja, gemu ya Konami ya pengwini anayekimbia kwenye barafu, Antarctic Adventure. Haikuwaka. Niliomba ruhusa nikaifungua kaseti mezani. Unyevu wa kuta za mawe na chumvi ya bahari vilikuwa vimefanya kazi yao, meno ya shaba yamevaa ukungu wa kijani. Watu wengi kaseti ikigoma wanaipuliza kwa mdomo, nasi tulifanya hivyo miaka yote, na pumzi ya mtu ina unyevu unaoharakisha hasara hiyohiyo. Nilisugua kwa kifutio cheupe cha shule, taratibu, kuelekea upande mmoja. Kisha pamba yenye alkoholi ya isopropili, ile mafundi simu wanayosafishia bodi, mpaka pamba ikatoka safi. Nikaiacha ikauke vizuri. Tulipoirudisha, pengwini akatokea na muziki wake, na wajukuu wa bibi wakajaa chumbani.

Nilimwambia bibi kwamba ningependa kuinunua, na nikataja bei nzuri.

"Hii si ya kuuza, mwanangu," akasema. "Lakini ukija Unguja, njoo uicheze. Na hawa wafundishe hiyo dawa ya pamba."

Nikawafundisha. Nimerudi pale mara kadhaa, na kila nikienda naikuta inawaka. Mkusanyaji akiwa na tamaa anaweza kuamini kwamba kitu kiko salama kwenye rafu yake pekee. Ile kompyuta iko salama zaidi palepale, kwa sababu ina nyumba, ina historia ya familia, na ina watoto wanaojua kuitunza. Safari ile ilibadilisha namna ninavyokusanya. Siku hizi nikikuta mashine kwa mtu anayeipenda, naitengeneza, naandika habari zake, naondoka mikono mitupu.

Mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ya Marekani ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotolewa nchini humo kabla ya mwaka 2010 hazipatikani tena sokoni kwa njia ya kawaida. Hiyo ni nchi yenye maduka, maktaba, makumbusho na wanasheria. Yaliyohifadhiwa yamehifadhiwa zaidi na watu binafsi, wenye kaseti makabatini na wenye nakala ambazo sheria haizipendi. Na wakutubi walipoomba waruhusiwe kuwapa watafiti gemu za zamani wazitumie wakiwa mbali na maktaba, Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilikataa, Oktoba 2024.

Kwetu pwani bao limedumu karne nyingi kwa sababu halina mlinzi mmoja. Ubao ukipasuka, mafundi wa Lamu au Makunduchi watachonga mwingine, na pasipo ubao watu wanachimba mashimo ardhini na kuokota kete za mkomwe. Gemu ya video haiwezi kuwa hivyo kwa ukamilifu, inahitaji silikoni na umeme. Lakini ile ya kaseti na ya diski ilikaribia. Ilihama nyumba, ikahama mji, ikavuka mpaka ndani ya robota la nguo, na popote ilipofika ilimkuta mtu wa kuifungua na bisibisi. Mashine ya mpwa wangu haina hata skrubu moja ambayo fundi wa Kariakoo akiifungua ataweza kuirudishia gemu iliyozimwa kule ilikotoka. Siku kampuni ikiamua imetosha, imetosha kwa dunia nzima kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo ninafanya lile lililo ndani ya uwezo wangu. Kila mashine niliyo nayo ina daftari lake kwa Kiswahili: ilitoka wapi, ilikuwa na ugonjwa gani, tiba yake nini, chaneli ipi ya tivi, na gemu zipi zinapendwa na wanaokuja kucheza. Jumamosi watoto wa jirani wanakuja, na Battle City bado inawagombanisha na kuwapatanisha kama ilivyotufanya sisi. Mimi na fundi mmoja wa Kariakoo, ambaye bado anaagiza lenzi mbadala kutoka China, tumeandaa masanduku ya kuazimisha shule. Kila sanduku lina mashine, pedi mbili, tivi ndogo ya chogo na daftari. Mwalimu anasaini, anakaa nalo muhula mmoja, akilirudisha anapewa jingine. Fundi anakwenda naye siku ya kwanza kuwaonyesha wanafunzi ndani ya mashine, umeme ukiwa umechomolewa, na anawaonya waache kabisa kufungua tivi, kwa maana inatunza umeme mkali hata baada ya kuzimwa.

Linalonikosesha usingizi zaidi ni gemu zetu wenyewe. Andrew Kaggia alitoa Nairobi X kule Kenya mwaka 2015, vijana wa Kampala wa Kola Studios wakauingiza mchezo wa karata wa Matatu kwenye simu, na Dar wapo wanaotengeneza gemu za simu kila mwaka. Takriban zote zimezaliwa bila diski wala kaseti. Simu inabadilika, duka la mtandaoni linabadili masharti, mtengenezaji anapata kazi nyingine, na gemu inatoweka bila hata nakala moja kuangukia uvunguni mwa mtu. Vifaru vya Namco vya mwaka 1985 ninavyo. Gemu aliyoitoa kijana wa Sinza miaka michache iliyopita, na niliyoicheza kwenye simu niliyokwisha kuitupa, siipati tena.

Nimeanza kuwaandikia watengenezaji wa Dar na Nairobi mmoja mmoja, nikiwaomba nakala ya walichokwisha kutoa, pamoja na ruhusa ya maandishi ya kuionyesha kwa wanafunzi. Baadhi wamejibu. Mmoja aliniambia faili zake zote zimo kwenye kompyuta iliyokufa na hajui kama zinaweza kupatikana. Nimempa namba ya fundi.